Dawa Aliyoikataa Daktari

Watu walimwita Sindano, na jina hilo lilimkaa kama kiatu kilichopimwa mguuni. Alikuwa na duka la dawa za mifugo lililopakana na kituo cha kukusanya maziwa: mlango mmoja, rafu tatu, na friji iliyonguruma kuliko mbwa wa jirani. Chuo hakukiona hata kupitia dirishani. Kazi aliipata kwa kumbebea mkoba daktari mmoja wa zamani, na mzee alipostaafu, mkoba ukabaki mikononi mwake pamoja na wateja. Mkono wake ulikuwa mwepesi. Kabla ng'ombe hajageuka kutazama nani kamchoma, Sindano alikuwa ameshafunga begi. Na mdomo ulikuwa mwepesi kuliko mkono. Mtu akija na habari za mbuzi anayekohoa, kuku anayeharisha au ndama aliyezubaa tu, jibu lilikuwa moja: "Dawa ya moto ni moto." Kisha chupa inashuka kutoka rafuni.

Basi alipokuja daktari mpya wa mifugo, mwanamke wa miaka arobaini hivi asiye na maneno mengi, Sindano alimtazama kama mwenye hoteli anavyomtazama jirani anayefungua mgahawa. Daktari alipewa vyumba viwili nyuma ya mnada wa ng'ombe. Chumba kimoja alikifanya ofisi. Cha pili alikisugua mpaka sakafu ikang'aa, akaweka darubini, kabati la kioo na kisanduku chenye joto kinachofanana na oveni ndogo. Watu wakauliza anaoka nini mle ndani.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa kwa mfuga kuku mmoja mwenye kuku mia nne, wote wanakohoa. Mfugaji alitaka dawa ya kuchanganya kwenye maji, kama alivyozoea kupewa na Sindano. Daktari aliingia bandani, akachuchumaa, akabaki pale chini urefu wa kuku kwa muda mrefu hadi machozi yakaanza kumtoka. Alipotoka alisema, "Humu hakuna ugonjwa wa kupigwa dawa. Kuna hewa kali ya kinyesi." Akaagiza takataka zote za sakafuni zitolewe, maranda makavu yawekwe, na ukuta wa upande wa upepo ufunguliwe. Akaenda zake bila kuacha hata kidonge.

Mji mzima ulicheka. "Daktari asiyetoa dawa," Sindano aliwaambia wateja wake, "ni kama mpishi anayekaa kukutazama ukila hewa."

Wiki haikuisha kuku wakanyamaza. Sindano alipokutana na daktari barabarani akamtania, "Nasikia wale kuku wamepona wenyewe."

"Ndiyo, kaka," daktari akajibu, akimpa mkono. "Ndivyo nilivyotaka."

Sindano alibaki amesimama, hajui kama ametukanwa au amesalimiwa.

*

Mwaka ule ndipo ng'ombe wa dada yake Sindano walipoanza kumtoa jasho. Dada huyo ndiye aliyemlea baada ya wazazi kufariki. Alimbeba mgongoni, akamwogesha, akamchapa, akamsomesha alipoweza. Alikuwa na ng'ombe tisa wa maziwa, na mkubwa wao, jike jeusi lenye tumbo pana, waliliita Bi Mkubwa kwa sababu hakuna ng'ombe mwingine aliyethubutu kulitangulia kwenye hori.

Bi Mkubwa alianza kutoa maziwa yenye mabonge kwenye chuchu moja, ile ya nyuma kushoto. Ugonjwa wa kiwele; Sindano aliutibu kila siku ya Mungu. Akaingiza dawa kwenye chuchu siku mbili, maziwa yakasafika, akaacha. Baada ya wiki mbili mabonge yakarudi. Akabadilisha dawa, akachoma ya shingoni, yakasafika tena, yakarudi tena. Akapanda kwenye kali zaidi. Akachanganya mbili. Ikafika mahali chuchu ile ikawa ngumu kama jiwe, na ng'ombe wengine watatu nao wakaanza kutoa mabonge. Kituoni maziwa ya dada yalipimwa, yakakutwa na masalia ya dawa, yakakataliwa mbele ya foleni nzima ya majirani.

"Mganga hajigangi!" mtu mmoja akapaza sauti, na foleni ikacheka.

Dada hakucheka. Alimkuta mdogo wake dukani, akasimama mbele ya meza yake na ndoo tupu mkononi, na mkono mwingine umefungwa kitambaa.

"Mdogo wangu, umejitahidi. Sasa nenda kamwite yule mwanamke."

"Dada, nipe wiki moja tu. Kuna dawa nyingine—"

"Sikukuuliza. Nimekutuma."

Mtu aliyekubeba mgongoni akikutuma, unakwenda. Sindano alikwenda, akizunguka njia ya nyuma ya mnada ili asionekane.

"Nina tatizo la ng'ombe wa mtu," alimwambia daktari.

"Wa nani?"

Sindano akatazama darubini, akatazama dari. "Wa dada yangu."

Alikuwa amejiandaa kwa kicheko. Kilichokuja ni kiti. Daktari alimsogezea kiti, akafungua daftari, akauliza kila dawa iliyotumika na kwa siku ngapi. Sindano alifikiria kuongeza siku chache hapa na pale. Lakini mwanamke yule aliuliza kama mtu anayetaka kujua, si kama mtu anayetaka kukamata, na ukweli ukatoka wenyewe: siku mbili, siku mbili, siku tatu, mara moja tu. Daktari aliandika yote bila kuinua nyusi.

"Asante," alisema alipomaliza. "Wengi hawakumbuki. Wewe unakumbuka vizuri."

Ilikuwa mara ya kwanza Sindano kusifiwa kwa kosa, na ilimchoma kuliko kama angetukanwa.

*

Asubuhi iliyofuata daktari alifika bandani wakati wa kukamua, amevaa buti na ovaroli. Dada alitegemea aende moja kwa moja kwa Bi Mkubwa. Badala yake alijiegemeza kwenye nguzo, akatazama ng'ombe wote tisa wakikamuliwa kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho. Mume wa dada, mtu mpole ambaye maneno yake kwa siku yangeweza kuhesabika kwenye vidole, alimletea kigoda; akashukuru, hakukikalia.

"Mama," alisema mwishoni, "hicho kitambaa cha kufutia kiwele, unacho kimoja?"

"Kimoja, lakini nakifua kila siku."

"Kwa hiyo kinatoka kwa Bi Mkubwa kinakwenda kwa huyu, kisha kwa yule."

Dada alikitazama kitambaa mkononi mwake kama aliyeshika nyoka akidhani kamba.

"Usijilaumu," daktari alisema haraka. "Wafugaji wote niliowatembelea wanafanya hivyo, na hakuna aliyewaambia. Tuanzie leo."

Kisha akachukua sampuli. Sindano, aliyekuwa amesimama mlangoni, alizoea kazi za haraka, na ile ilimshangaza. Daktari aliosha kila chuchu, akaikausha, akaipangusa kwa spiriti mpaka pamba ikabaki nyeupe, akamwaga maziwa ya kwanza, na ya pili akayakinga kwenye kichupa kilichoinamishwa ili vumbi lisiingie. Akaandika, akafunika, akasogea. Chuchu nne, ng'ombe tisa, vichupa thelathini na sita. Mara moja tu ng'ombe alipiga teke na kichupa kikaanguka. Aliosha chuchu ile upya, akaanza tena tangu mwanzo, kana kwamba ndiyo ya kwanza.

Alipokuwa anafunga sanduku, aliomba kuuona mkono wa dada uliofungwa kitambaa.

"Ah, huu? Mwiba tu."

Daktari alifungua kitambaa taratibu. Chini ya kidole gumba palikuwa na kidonda chekundu, kimetuna, kinatoa usaha.

"Tangu lini?"

"Wiki tatu. Nakipaka dawa ya mdogo wangu, ile ya ng'ombe."

Sindano akatamani ardhi imeze miguu yake.

"Mama, mimi ni daktari wa ng'ombe. Mkono wa mtu si wangu kuutibu," daktari alisema. "Lakini nitaandika barua uende nayo hospitali. Waambie unakamua ng'ombe mwenye ugonjwa usiosikia dawa. Waambie hivyo hivyo, kabla hawajakupa chochote."

Dada aliikunja barua akaichomeka kwenye mkanda wa gauni lake, na ilikuwa wazi kwamba hatakwenda popote. Nani angeacha ng'ombe tisa kwa ajili ya mwiba?

*

Siku ya tatu Sindano aliitwa. Kwenye meza ya chumba cha pili palikuwa na sahani ndogo ya kioo, kubwa kidogo kuliko kiganja. Ndani yake vijidudu kutoka chuchu ya Bi Mkubwa vilikuwa vimeota, vikatandaza utando wa rangi ya siagi. Juu ya utando kulikuwa na viduara saba vya karatasi, kila kimoja kimelowekwa dawa tofauti.

"Dawa ikiwa inaua, utaona duara tupu limeizunguka, pasipoota kitu," daktari alieleza. "Sasa tazama mwenyewe."

Sindano aliinama. Kiduara cha kwanza, dawa aliyoiuza zaidi maishani: utando umeota mpaka ukingoni mwa karatasi, kama majani yaliyoota mpaka mlangoni mwa nyumba. Cha pili, vilevile. Cha tatu, ile kali, vilevile, na kuendelea hadi cha sita. Alijua majina yote. Yalikuwa yamepangwa hivyo hivyo kwenye rafu zake.

"Havisikii," alisema kwa sauti ya chini.

"Havisikii. Kila ulipoacha siku ya pili, vile dhaifu vilikuwa vimekufa, vikabaki vilivyovumilia. Vikazaana. Ukaja na nyingine, navyo vikajifunza. Si wewe peke yako, kaka. Hata mimi nilipoanza kazi nilifanya hivi miaka mitatu, mpaka nikashindwa kumtibu ng'ombe wa baba yangu mzazi."

Lakini jicho la Sindano lilikuwa limeshafika kwenye kiduara cha saba. Pale palikuwa na duara tupu, pana, safi kama mwezi.

"Si hii hapa! Dawa ipo! Naweza kuipata kesho."

"Najua unaweza. Ndiyo maana nakuomba usiipate." Daktari alikaa. "Hiyo ni ya watu. Ipo kabatini hospitalini kwa ajili ya mgonjwa ambaye nyingine zote zimemkataa. Tukianza kuwamiminia ng'ombe, vijidudu vitaizoea nayo. Siku mtu akiihitaji, ataikuta ni maji."

"Ng'ombe mmoja tu, daktari."

"Kila mtu ana ng'ombe mmoja tu."

Akampa habari zilizobaki. Kati ya wale ng'ombe watatu wengine, wawili miili yao ilikuwa imeshashinda vita yenyewe. Vichupa vyao havikuota kitu, na hawakuhitaji dawa hata tone. Wa tatu alikuwa na vijidudu vya kawaida, dawa ya zamani ingemtosha, mradi apewe siku zote tano, hata kama maziwa yatasafika siku ya pili. Na Bi Mkubwa chuchu yake ile ingekaushwa, isikamuliwe tena, naye akamuliwe wa mwisho kila siku.

Dada alipoambiwa, alilia. "Huyu ng'ombe ndiye aliyesomesha wanangu. Dawa ipo, halafu mnaninyima?"

Daktari hakuinua sauti wala hakutazama pembeni. "Ipo, mama. Na mimi ndiye ninayekunyima. Usimkasirikie mtu mwingine."

"Atabaki na chuchu tatu!"

Shemeji mtu akakohoa pale pembeni. "Mimi mwenyewe nimebaki na meno kumi na tisa," alisema, "na mbona nakula."

Hakuna aliyecheka, ila daktari alimtazama kwa macho ya shukrani.

*

Sindano hakuvumilia machozi ya dada yake. Kesho yake alipanda basi kwenda mjini, akazunguka kwa watu anaowajua, akarudi na kichupa cha dawa ile ya saba mfukoni. Alijiambia kwamba ni mara moja tu. Alijiambia kwamba daktari hatajua. Asubuhi mapema alielekea bandani, kichupa kinagonga paja lake kila hatua.

Alikuta mtu amechuchumaa chini ya ng'ombe wa tano, lakini hakuwa dada. Alikuwa daktari. Pembeni yake palikuwa na vitambaa tisa vilivyoanikwa kwenye kamba na ndoo mbili za maji, moja ya kuoshea mikono.

"Dada yako ameamka na homa," alisema bila kuacha kukamua. "Mkono umevimba mpaka kiwikoni. Nilipita kuwaangalia ng'ombe, nikamkuta amekaa hapa kwenye zege, anasema anapumzika kidogo. Shemeji yako amempeleka hospitali na barua. Nikaona hawa hawawezi kusubiri."

"Wewe... unajua kukamua?"

"Najua polepole. Osha mikono unisaidie."

Sindano aliosha mikono. Alikamua ng'ombe wawili, kichupa kikimbana pajani kila alipochuchumaa. Bi Mkubwa alipofika zamu yake, wa mwisho, alimkamua chuchu tatu, ile ya nne akaiacha. Kisha akakimbia hospitali.

Alimkuta dada amelala chini ya dirisha, mkono umeinuliwa juu ya mto, dripu inadondoka. Daktari wa wodi alikuwa na barua ile mkononi, imekunjamana.

"Nani aliyeandika hii?" aliuliza. "Bila hii tungeanza na dawa za kawaida, tungepoteza siku tatu au nne, na kwa jinsi uvimbe ulivyokuwa unapanda, sijui tungeokoa nini. Tumechukua usaha kupima, lakini kwa hali yake hatukusubiri majibu. Tumempa moja kwa moja ile ya akiba."

Sindano alisogea kwenye dripu, akasoma jina lililoandikwa kwenye lebo. Akalisoma tena. Akatia mkono mfukoni akakigusa kile kichupa, akajikuta amekaa kwenye benchi bila kukumbuka kukaa.

Siku ya pili homa ilishuka. Siku ya tano uvimbe ulikuwa umeshuka hadi kwenye kifundo cha mkono. Majibu ya usaha yalipotoka, yalikuwa sawa na yale ya sahani: dawa zote sita kimya, ya saba inafanya kazi. Na siku zote hizo, kila asubuhi kabla ya kufungua ofisi, daktari alikuwa bandani na buti zake. Hakuombwa. Hakumwambia mtu. Mwenye kuku mia nne ndiye aliyemwona akipita na ndoo, akaeneza habari.

Siku dada alipotoka hospitali, Sindano alikwenda kwenye vile vyumba viwili, safari hii kwa njia ya mbele, mchana kweupe, akaweka kichupa mezani.

Daktari alisoma jina. Akakigeuza, akatazama kifuniko. Kilikuwa hakijatobolewa.

"Uliinunua lini?"

"Kesho yake, baada ya wewe kukataa."

"Mbona hukuichoma?"

"Nilikuja kuichoma. Nikakukuta umeshika chuchu za dada yangu." Akajisikia alichosema, akashika kichwa. "Za ng'ombe wa dada yangu!"

Kwa mara ya kwanza tangu afike mji ule, daktari alicheka, akacheka mpaka akavua miwani. Sindano naye akacheka, na katikati ya kicheko akagundua kuwa analia. Daktari alimwacha. Hakumpa mahubiri, alimjazia glasi ya maji, akasema, "Nimekuwa nikizifikiria rafu zako. Ukiniruhusu, tuzipitie pamoja, moja moja."

Walizipitia siku mbili. Baadhi ya dawa zilitoka, nyingine zikahamia kwenye kabati lenye kufuli. Wateja wengine walimnunia Sindano, wakasema siku hizi ukienda kwake kununua dawa ya mbuzi unaulizwa maswali kama unaomba pasipoti. Wengine walihama. Bi Mkubwa akazaa ndama jike mwekundu, akaendelea kutoa maziwa kwa chuchu tatu, si haba.

Wafugaji walipokutana kwenye kituo cha maziwa, ukumbi ukajaa mpaka madirishani, Sindano aliomba kusema.

"Mnanijua," alianza. "Nimewachomea mifugo yenu miaka kumi na minne. Nyingi ya dawa hizo hazikuhitajika, na zilizohitajika sikuzimaliza. Dada yangu yule pale nusura apoteze mkono kwa vijidudu nilivyovilea mimi mwenyewe. Siwaambii ili mnihurumie. Nawaambia ili muulize. Na mtu aliyenifundisha kuuliza, aliyekamua ng'ombe wasio wake mwenye nao akiwa amelazwa, simameni mumwone, yupo kiti cha nyuma—"

Ukumbi mzima uligeuka. Kiti cha nyuma kilikuwa kitupu.

Shemeji mtu, aliyekaa jirani na kiti hicho, alisimama. Ilikuwa hotuba yake ndefu kuliko zote. "Ameitwa. Kuna mbuzi anazaa, mtoto amekaa vibaya. Amesema muendelee."

Watu wakacheka, kisha wakapiga makofi, wakakipigia kile kiti kitupu makofi marefu. Yalipotulia, bibi mmoja wa mbele akanyoosha mkono.

"Basi, mwanangu, nieleze mimi," alisema. "Ndama wangu anaharisha tangu juzi. Nianze kuuliza nini?"

Sindano akavuta kiti, akakaa karibu naye. "Bibi, tuanze na maji," alisema. "Anakunywa maji kutoka wapi?"